Ndimu Kumi na Mbili na Deni la Maziwa

Mtu akikuambia mradi wa sayansi ni wa mwanafunzi, mwulize nani alikuwa sokoni saa moja usiku akitafuta ndimu. Ni mimi. Mwanafunzi alikuwa amelala.

Ilianza Jumapili. Nimevua viatu, miguu iko juu ya kigoda, binti yangu wa gredi ya nane akaja akasimama na ile adabu ya mtu anayetaka pesa. "Baba, tuna maonyesho ya sayansi. Tulipewa wiki tatu." Nikashusha pumzi, wiki tatu si haba. "Lakini tuliambiwa wiki mbili zilizopita."

Mimi na fizikia tuliachana kwa amani kidato cha pili. Lakini baba ni baba. Nikasema tutengeneze volkano: kadibodi, magadi, siki, povu linamwagika, watu wanapiga makofi. Akanitazama kama mtu aliyeuziwa simu ya wizi. "Baba, darasani volkano ziko saba. Na mwalimu amesema hazina swali." Halafu, bila kuulizwa, akaniambia kwamba magadi yakikutana na siki hutoa gesi ile ile iliyo kwenye soda, kaboni dayoksaidi, na haihusiani kabisa na moto ulioko chini ya Menengai. Hapo niliona haya kidogo. Nakuru nzima imekaa mgongoni mwa volkano ya kweli, shimo lina upana wa kilomita 12 hivi, watu wanatoboa huko kutafuta mvuke wa kuzalisha umeme, na mimi nataka kupeleka kadibodi.

Ndimu lilikuwa wazo la jirani, mtu anayejua kila kitu isipokuwa tarehe ya kulipa pesa za taka. Unadunga msumari wa mabati upande mmoja, maana umepakwa zinki, na waya wa shaba upande wa pili. Asidi ya ndimu inafanya kazi yake katikati, umeme huo. Nikanunua 12. Nikachomoa balbu ya tochi yangu mwenyewe. Tukazipanga ndimu kwenye sinia, waya kutoka hii hadi ile, nikazima taa ya sebuleni ili tuone vizuri.

Tukaona giza.

Nikasema pengine ni changa. Nikaziminya. Nikabadilisha misumari. Saa nne usiku niko magotini naongea na ndimu, mama watoto anapita na kikombe hasemi neno, na mwanamke asiyesema neno ndiye wa kuogopwa. Kesho yake fundi wa redio akanicheka bila kuficha meno. "Mzee, ndimu moja inakupa volti kama 0.9, hizo ziko. Lakini mkondo wake ni kama wa bomba la maji siku ya mgao, matone tu. Balbu ya tochi hata uiletee gunia haitawaka. Tafuta kile kitaa chekundu cha kwenye chaja, ndimu tatu, nne, zinatosha." Akanipa kimoja. Tukajaribu na nne, kikawaka! Hafifu, lazima ukizibe kwa viganja ndipo ukione, lakini nilipiga kelele mpaka mbwa wa ploti wakajibu.

Binti akainama, akatazama, akasema, "Sawa baba. Na swali liko wapi?"

Swali akalitoa jikoni. Mama watoto alikuwa ananung'unika kwamba siku hizi chai haishiki rangi, unatia maziwa na bado unaona chini ya kikombe. Mtoto akafungua daftari, akaandika: Maziwa ya mtaani yana maji kiasi gani?

Kifaa alikiunda mwenyewe. Kwanza alitumia mrija peke yake ulioziba chini, ukaelea vilevile kwenye maziwa na kwenye maji, hauoni tofauti. Nikamwambia afute huo ukurasa. Akakataa, eti kilichoshindikana nacho kinaandikwa. Mara ya pili akachukua kichupa cha dawa ya kikohozi, akatia ndani misumari yangu ya mabati (angalau hiyo ikapata kazi), akapachika kwenye kifuniko mrija mwembamba wa juisi ya pakiti na kuziba kwa nta. Kichupa kikazama, mrija ukachungulia juu. Maziwa ni mazito kuliko maji kidogo tu, lita moja ina gramu 1,030 hivi, kwa hiyo kwenye maziwa halisi mrija husimama juu zaidi, na kadiri maji yanavyoongezwa ndivyo unavyodidimia. Nyanya yake wa Njoro akatuma maziwa ya ng'ombe wake. Mtoto akayachanganya na maji kwa vipimo, moja kwa kumi, mbili kwa kumi, kila mara anatia alama kwenye mrija. Kisha akanituma, mimi tena, ninunue nusu lita vibanda vitano. Yote yakae yapoe sawa, kila moja lipimwe mara tatu.

Siku ya maonyesho nilivaa koti. Jaji akauliza, "Kwa nini mrija mwembamba?" Nikafungua mdomo. Akasema, "Mzee, tumwachie mtoto." Mtoto akamjibu kwamba ukiwa mnene, tofauti ndogo haionekani. Jirani wa meza yetu, mwenye volkano, aliulizwa swali moja akajibu, "Baba alisema hivyo."

Tukawa wa pili. Ningefurahi, lakini mwalimu alikuwa amewaonya wasitaje majina ya wauzaji, na binti yangu alitii neno kwa neno. Hakutaja jina. Aliandika kwa kalamu nyekundu: "Sampuli C, kibanda cha kijani karibu na kinu cha unga: zaidi ya maji mawili kwa kumi."

Kibanda cha kijani karibu na kinu cha unga ni kimoja mtaani. Ndicho kinachotukopesha. Mtoto wa mwenye kibanda pia anasoma shule ile ile.

Jumatatu nilienda na chupa yangu kama kawaida. Mwenyewe akalifungua daftari la madeni, akalifunga, akasema, "Leo nimeishiwa, baba mwanasayansi. Labda upime maji nyumbani."

Sasa tunakunywa strungi, chai bila maziwa. Juzi nikakumbuka ndimu, angalau niikamulie moja kikombeni. Nimenyoosha mkono kwenye sinia, sauti ikatoka chumbani:

"Baba, hizo usinywe! Zinki imeyeyukia ndani!"