Dirisha la Kaskazini Halifai Mbeya

Huku Stockholm, somo la kwanza la picha za watu ni hili: mkalishe mtu kando ya dirisha linalotazama kaskazini. Kwa huku ni sawa kabisa. Mchana jua linapita kusini, hivyo dirisha hilo halipigwi na jua na mwanga wake unabaki laini. Katikati ya Desemba jua la adhuhuri halipandi hata nyuzi 8.

Kinachoniuma ni kuona vijana wa Mbeya wakilibeba somo hilo lilivyo. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Tangu mwisho wa Februari mpaka katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri liko kaskazini, na dirisha hilo linaingiza jua kali linalokata uso vipande viwili. Miezi hiyo tumieni dirisha la kusini, inayobaki, geukieni la kaskazini.

Ila baraza linashinda dirisha lolote, na huku Ulaya hawana la kulinganisha nalo. Mkalishe mtu ndani ya kivuli, kama mita moja kutoka ukingo wake, akitazama nje. Akirudi nyuma sana macho yanakosa nuru. Uwanja ukiwa wa udongo mwekundu, tandika shuka jeupe mbele yake, la sivyo wekundu unapanda hadi kidevuni na hakuna programu itakayouondoa vizuri. Kule Tukuyu, mkoani Mbeya, mawingu yakitanda, hata baraza halihitajiki.

Kamera nayo ina kasoro yake: kipima-mwanga chake kinataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Uso mweusi ukijaza fremu, kamera inauangaza mno na ngozi inapauka kama imepakwa majivu. Punguza theluthi mbili za stopu, yaani kipimo cha mwanga unaoingia kamerani. Shati jeupe likitawala fremu, mambo yanageuka: ongeza.

Kuhusu mandhari ya nyuma, mwalimu wetu awe Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, Mali, aliyefungua studio mwaka 1948. Alifanya kazi sana uani kwa mwanga wa jua, na shuka la kitanda likawa pazia lake. Kitenge kinatosha. Kikikaa mita moja na nusu nyuma ya mtu, kwa lenzi ya milimita 50 na tundu lake limefunguliwa hadi f/2, maua yake yanafifia. Kikimgusa mgongoni, yanagombana na nguo yake. Keïta aliyaacha yagombane, na picha zake zina uhai ambao ukuta wa kijivu wa studio za huku hauna.