Usikubali Yote kwa Sababu ya Fonti

Jumamosi jioni dada mmoja aliingia kwenye steshenari ninayofanyia kazi, hapa Mwenge, tasnifu yake ya uzamili ikiwa kwenye flashi na machozi yakimlengalenga. Asubuhi alikuwa ameipeleka kwingine wamwondolee "zile rangirangi za pembeni", yaani alama ambazo programu ya Word huweka kuonyesha kilichobadilishwa. Kijana wa pale akamwambia, "Dada, hapa ni kukubali yote tu," akabofya. Rangi zikaisha kweli. Zikaenda pamoja na aya mbili za sura ya nne, ambazo msimamizi alikuwa amezikata na dada mwenyewe bado alitaka kuzitetea.

Tukafungua nakala ya zamani kwenye barua pepe yake. Kwenye ukurasa mmoja msimamizi aliongeza sentensi moja tu, lakini pembezoni kulijaa vijisanduku tisa, vyote vinasema kitu kilekile: fonti ni Times New Roman, ukubwa 12. Kuna mtu alibadilisha fonti ya kazi nzima wakati Word inarekodi mabadiliko (Track Changes imewashwa).

Jambo hili linaniuma. Badiliko la fonti si sawa na badiliko la neno, na halipaswi kuhesabiwa pamoja nalo. Sentensi ya msimamizi ina uzito; mwanafunzi anaisoma, anaifikiria, pengine anaipinga. Ukiizungushia vijisanduku tisa vya fonti, umemziba macho.

Kama ni badiliko moja la mwonekano usilolitaka, weka kishale kwenye maandishi hayo, nenda Review, bofya Reject. Neno halifutiki, linarudia tu sura yake ya mwanzo. Ukibofya Accept, sura mpya inabaki na alama inatoka.

Yakiwa mengi, fungua Show Markup, toa tiki kwenye Insertions and Deletions, na kwenye Comments kama ipo, bakiza Formatting peke yake. Halafu bonyeza kale kamshale chini ya Accept, chagua Accept All Changes Shown. Angalia sana hilo neno la mwisho, Shown: yanakubaliwa yanayoonekana tu. Ukimaliza, rudisha tiki zako.

Wengine wanachagua No Markup wakidhani wamefuta. Wameficha. Msimamizi akifungua faili na kuonyesha alama zote, anavikuta vijisanduku vyote vinamsubiri.

Na wasimamizi wetu, pamoja na sisi tunaochapa, tunaweza kuyazuia haya mapema: kwenye Track Changes Options, ndani ya Advanced Options, toa tiki ya Track formatting. Maneno yataendelea kurekodiwa, fonti hazitarekodiwa. Kazi ya mtu ya miaka miwili inastahili hiyo nusu dakika.

Tulimaliza saa mbili usiku. Vijisanduku vilikuwa vimeisha, na zile aya mbili za sura ya nne zilikuwa mahali pake, zimepigwa mstari mwekundu, zinamngoja aende nazo kwa msimamizi Jumatatu.