Mtoto wa miaka 12 abaki shuleni

Naunga mkono elimu ya lazima ya miaka kumi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inataka kila mtoto wa Tanzania asome miaka sita ya msingi na minne ya sekondari. Wanaolalamika kwamba miaka hiyo ni mingi wapige hesabu kidogo. Mtoto akianza darasa la kwanza na miaka sita, anamaliza la sita akiwa na 12. Ulazima ukiishia hapo, ataingia mtaani mapema kuliko hata wale wa darasa la saba. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, lakini sote tunajua atakakokuwa: machungani, machimboni, au jikoni kwa watu mjini, akilea watoto wa wenzake naye bado mtoto.

Walimu wa vijijini wanalijua jambo jingine linalouma zaidi. Wapo wazazi wanaomwambia binti ajifelishe darasa la saba. Ajaze majibu ovyo, asichaguliwe, kisha aende kazi za ndani au aolewe. Kidato cha kwanza kikiwa haki ya kila mtoto, mtihani ule hautakuwa tena mlango wa kumtolea.

Ila siamini kwamba amri peke yake itawaweka watoto darasani. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa tangu Januari 2016, na utoro tunao. Kata ina vijiji kadhaa na mara nyingi sekondari ni moja. Wa mbali anatoka alfajiri, anashinda na njaa, anarudi giza likiingia. Akichoka, anapanga geto na wenzake karibu na shule: chumba kimoja, hakuna mtu mzima, unga na mafuta ya kupikia wajitafutie. Binti wa miaka 13 katika hali hiyo akipewa lifti na mwenye bodaboda, au hela ya chipsi, tunamwachia nani amlinde? Halafu akipata mimba tunamuuliza mzazi alikuwa wapi.

Kwa hiyo ulazima uanze na serikali. Kabla mtendaji hajamfikisha mzazi mahakamani kwa utoro wa mwanawe, pawepo hosteli kwa wanaotoka mbali na chakula cha mchana kisichotegemea michango ya mwenye debe moja la mahindi. Na muda hautoshi: kwa ratiba ya mtaala mpya, la sita la mtaala huo na la saba la mtaala wa zamani watamaliza pamoja 2027, kisha Januari 2028 wote wanabisha hodi kidato cha kwanza.

Lipo pia la ndoa. Tangu 2016 Sheria ya Elimu inamtia hatiani anayemwoa mwanafunzi, lakini aliyekwisha kuacha shule hana kinga hiyo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilisema 2016 kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019. Binti wa umri huo, kwa sera hii, anatakiwa kuwa kidato cha nne. Wabunge wanaoipigia makofi miaka kumi waidai na sheria ya miaka 18 kwa ndoa, kabla ya Januari hiyo ya 2028.