Gari limegoma, fundi ni mimi

Asubuhi hiyo nilirudi nyumbani mbio, nimebanwa haja kiasi kwamba nilizima gari mguu mmoja ukiwa tayari nje. Hendibreki nilivuta, hilo nashukuru mpaka leo. Ufunguo ukagoma kutoka. Nikauacha humo humo, nikakimbia.

Narudi dakika kumi baadaye, mke wangu keshakaa kiti cha mbele, kapendeza, tuna mahali pa kuwahi. Nazungusha ufunguo: kimya. Si ile ta-ta-ta ya betri iliyochoka, wala ule mlio wa stata inayozungusha injini isiyotaka kushika. Kimya kabisa.

"Baba watoto, hii D ndiyo ya kuwashia?"

"Mama watoto, subiri kidogo, haya ni mambo ya ufundi." Nikafungua boneti kwa mbwembwe.

Taa kubwa zinawaka kali. Honi ililia mpaka jirani akachungulia. Mita ikasoma volti 12.6, yaani betri imejaa pomoni. Lakini vichwa vya betri vilikuwa na ule unga mweupe wenye ukijani, nikaona mchawi ndiye huyo. Nikavifungua, nikavimwagia maji ya moto, nikavisugua kwa brashi mpaka vikang'aa, nikavirudisha. Kimya.

Nikamwomba mke wangu azungushe ufunguo, macho yangu kwenye mita. Stata ikivuta umeme, volti lazima zishuke, hata kufika 10. Zangu zikabaki 12.6, hazitikisiki. Fundi mwenye akili hapo angejiuliza nani anaukata umeme kabla haujafika kwenye stata. Mimi nikaamua stata imekwama, nikachukua spana, nikajitosa chini ya gari kwenda kuigonga.

"Zungusha!" Ngo, ngo, ngo. "Zungusha tena!" Ngo, ngo. Tone la oili likadondoka, likatua kwenye kola ya shati jeupe. Jirani alikuwa ameshaleta kiti chake.

Nikaibuka na jibu: gari lina magonjwa mawili. Stata imekufa, na swichi nayo imekufa, ndiyo maana hata ufunguo hautoki. Nikaanza kutafuta mafuta ya kupuliza kwenye tundu la ufunguo.

Mke wangu akatazama saa. Kisha, kwa kidole kimoja, akaisukuma gia kutoka D, ile ya kwendea mbele, mpaka N, ile ya huru.

"Haya, washa."

Ikanguruma. Jirani akapiga makofi.

Gari la otomatiki lina swichi kwenye gia inayokata umeme wa stata usipokuwa P, ile ya kuegesha, au N, lisije likaruka nawe pale linapowaka. Na ufunguo wa gari langu hautoki mpaka gia irudi P. Haya yote nayajua, tena nimeshawahi kuwaeleza watu kwa sauti ya juu. Kilichonitoa jasho ni kingine: muda wote niliolala kule chini, gari lile lilishikiliwa na hendibreki peke yake.

Tulifika tumechelewa, mimi nikiwa na shati jingine. Jioni tunatoka, nazungusha ufunguo: kimya, hata taa za dashibodi haziwaki. Mke wangu akaangalia gia. P. Akanigeukia taratibu.

"Vile vyuma vya betri, asubuhi ulivikaza?"