Barafu Ikiyeyuka Gatini, Umeme Wetu Umekwenda Nayo

Kila mazungumzo ya umeme yanapozuka hapa Lamu, swali huwa moja: tutaupata wapi mwingine? Wakati wa mvutano wa mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi, uliokusudiwa kuzalisha megawati 1,050, mji uligawanyika kati ya waliouridhia na walioukataa, mpaka leseni yake ya mazingira ilipofutwa Juni 2019. Mimi nilikuwa upande wa waliokataa, na niko huko mpaka leo. Lakini lipo swali lililozungumzwa kidogo mno na pande zote mbili: nishati tuliyo nayo sasa huishia wapi?

Shuleni tulikaririshwa kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi, hubadilika sura tu. Ni kweli tupu. Katika miaka ya 1840, Mwingereza James Joule aliacha uzito ushuke taratibu, ukishuka ukawa unazungusha mapanga ndani ya chombo cha maji. Maji yakapata joto kidogo, na joto lile likalingana na kazi iliyofanywa na uzito. Ndiyo maana leo tunapima nishati kwa jouli. Ila mwanafunzi akiuliza, kama haipotei mbona nyumbani tunanunua tokeni kila mara, asinyamazishwe. Jibu limo katika jaribio lilelile: maji ya Joule, pamoja na joto lake lote, hayakuupandisha ule uzito tena. Joto lilikuwepo, lakini lilikwisha kusambaa. Kila nishati inapobadilika sura hutozwa ushuru, na ushuru huo hulipwa kwa joto lisiloweza tena kufanya kazi tuliyoitaka.

Sasa twende gatini alfajiri, mashua zinapopakia barafu. Kilo 1 ya barafu haiyeyuki mpaka ipate jouli 334,000, na hizo ndizo tunazotaka izichote kutoka kwa samaki. Kuyashusha maji kilo 1 kutoka nyuzi 28 hadi nyuzi 0 ni kuyaondolea jouli kama 118,000 tu. Kwa hiyo hazina kubwa ya barafu imo katika kule kuyeyuka kwenyewe. Yale maji ya baridi yanayobaki chini ya kasha, ambayo wengi huona bado yanafaa, yamebakiwa na sehemu ndogo tu ya uwezo wake.

Piga hesabu ya bonge la kilo 25. Joto linalopaswa kuondolewa ili maji hayo yawe barafu ni kama jouli milioni 11, sawa na uniti 3 za umeme na ushei. Mashine ya barafu haiumbi baridi; hulisomba joto kutoka ndani ya maji na kulitupa nje, ndiyo sababu ukisimama nyuma yake unapigwa na upepo wa moto. Na kwa kuwa husomba tu, mashine nzuri hutumia umeme pungufu ya uniti hizo. Kifaa cha ajabu kweli. Kisha bonge lile hupakiwa mkokotenini, likafunikwa gunia moja, likapitishwa juani huku likichuruzika njia nzima mpaka majini, ambako hutiwa ndani ya kasha la mbao nyembamba lenye mfuniko usiobana. Linaanza kutumika kabla samaki wa kwanza hajavuliwa, na umeme uliolitengeneza umekwisha kulipiwa.

Wapo wavuvi waliolitatua hili bila kungoja semina. Huchukua friji bovu, wakalilaza chali ndani ya mashua, wakalifanya kasha la barafu. Injini ya friji imekufa zamani, lakini kuta zake zina ile sponji ya manjano iliyojaa viputo vidogo vya gesi, na gesi iliyofungiwa hivyo hupitisha joto kwa shida sana. Mlango una mpira wa sumaku unaobana pande zote. Ukilipaka rangi nyeupe juu, unalipunguzia nguvu hata jua la saa saba. Aliyeanza kufanya hivi namhesabu mhandisi, awe na cheti au asiwe nacho.

Upande wa safari, tanga halina mshindani. Upepo wa kusi au kaskazi huisukuma mashua moja kwa moja, bila kwanza kugeuzwa joto. Upepo ukizidi kasi mara mbili hubeba nguvu mara nane, na manahodha wetu walijua kupunguza tanga mapema hata kama hesabu hiyo hawakuiona ubaoni. Injini ni habari nyingine. Lita 1 ya petroli ina jouli kama milioni 34, na sehemu kubwa zaidi haifiki kwenye rafadha. Gusa ule mchirizi wa maji unaoruka nyuma ya injini: una uvuguvugu. Hiyo ni petroli yako inapasha bahari moto. Simwambii mtu aitupe injini, maana mgonjwa hangoji upepo. Nasema tujue tunalipia nini. Hata mtambo wa Kwasasi ungefuata kanuni hiyohiyo: mitambo ya aina ile kwa kawaida hugeuza chini ya nusu ya joto la makaa kuwa umeme, na lililobaki lazima litupwe mahali. Wavuvi waliohofia maji ya moto ya mtambo kumwagwa baharini walikuwa wanaongea fizikia.

Ndiyo maana naona tumekosea mpangilio tunapoomba mashine za barafu kwanza na makasha baadaye. Fedha za mwanzo ziende kwenye makasha yenye kuta nene za sponji, paa la kivuli pale barafu inapopakiwa, na mikokoteni yenye vifuniko. Walimu wa sayansi nao wawalete wanafunzi na mizani na kipimajoto. Bonge lipimwe mlangoni mwa mashine, lipimwe tena linapoingia mashuani, na kinachobaki kipimwe chombo kinaporudi. Viongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, wayaandike matokeo kasha kwa kasha, la mbao na la friji, na daftari hilo liambatanishwe na barua yoyote ya kuomba mashine ya pili.