Watakatifu watuombee? Hoja nzito si ile inayopigiwa makofi

Msiba ukiingia katika familia ya Mombasa yenye Wakatoliki, Waanglikana na Wapentekoste, ugomvi wa zamani huzuka saa ya rozari. Wapo wanaoitikia "utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu", na wapo wanaotoka nje kupunga upepo.

Aya inayorushwa kwanza na wanaopinga kuwaomba watakatifu ni 1 Timotheo 2:5: mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, Kristo Yesu. Kwangu hiyo ndiyo hoja dhaifu kuliko zote. Sura hiyohiyo inaanza na Paulo akiagiza maombezi yafanyike kwa ajili ya watu wote. Mlokole anayemwambia mchungaji wake "niombee, kesho nina kesi" hajampokonya Kristo kiti chake. Na litania ya Wakatoliki, yaani sala ya kuitikiana, ina mpaka wake: Kristo huambiwa atuhurumie, watakatifu huambiwa watuombee.

Lakini mchungaji yuko hai na simu anashika. Marehemu je, anasikia? Hapa ndipo Waprotestanti wana uzito. Katika vitabu 66 wanavyovikubali, hakuna mcha Mungu aliyemwomba marehemu amwombee akasifiwa kwa hilo. Wakatoliki hujibu kwa Ufunuo 5:8, ambapo wazee 24 wana vitasa vya manukato ambayo ni maombi ya watakatifu, na kwa 2 Wamakabayo 15, ambapo Yeremia, aliyekufa zamani, anaonekana akiliombea taifa lake. Sawa, mbinguni wanaomba. Kwamba sisi tuwaite ni jambo lingine, na Melanchthon, mwanateolojia wa Kilutheri, aliliona: akilitetea Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani la Walutheri, alikubali kwamba watakatifu huliombea Kanisa, akakataa kuwaita. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulijibu mwaka 1563 kwamba kuwaita ni jambo jema na lenye manufaa. Jema na lenye manufaa. Haukusema asiyewaita hataokoka.

Kumbukumbu la Torati 18 linakataza kuwaendea wafu, na Wakatoliki wana haki kusema kwamba linalolengwa pale ni uaguzi, kama Sauli alipotaka Samweli ampe habari za vita. Ila sisi tunaishi Pwani. Aliyekulia katika koo za Wamijikenda anajua koma, yaani mizimu ya wahenga, hawaombwi wapeleke maombi kwa mwingine. Huombwa waondoe ugonjwa, wasikasirike, walinde mji. Mchungaji aliyetoka huko akisikia rozari makaburini ana sababu ya kushtuka. Na Mkatoliki anayemwahidi Mtakatifu Antoni sadaka ili funguo zake zionekane ameuvuka ule mpaka wa litania, hata kama katekisimu haijamtuma. (Majirani zetu Waislamu nao wana mjadala wao wa tawasuli, yaani kumwomba Mungu kupitia watu wema, na ziara za makaburi, na hoja zinafanana kwa kiasi cha kuchekesha.)

Mji wenyewe una kipimo kizuri. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa Goa na kubatizwa Jerónimo, aliurudia Uislamu, akaiteka Fort Jesus na kuwaua Wareno pamoja na Wakristo Waafrika waliokataa kuiacha imani yao. Roma haijawatangaza wenyeheri, hatua ya kabla ya utakatifu. Mkatoliki anaweza kuwaomba faraghani, lakini si katika ibada ya hadhara: tangu amri za Papa Urbano VIII za 1634, heshima ya namna hiyo husubiri idhini. Kumbe hata Kanisa Katoliki haliwaiti marehemu ovyo. Waanglikana nao, ambao Kifungu cha 22 cha imani yao kinakataa kuwaita watakatifu, kanisa lao kuu hapa mjini ni la ukumbusho, na Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885, ni miongoni mwa wanaokumbukwa. Wanamtaja, wanamshukuru Mungu kwa ajili yake, wanaishia hapo.

Kinachobaki kati ya Wakatoliki na Waprotestanti ni sentensi moja ya sala: "utuombee". Kwa ushahidi uliopo, mimi nisingemkataza mtu kuitamka, wala nisingemlazimisha aliyetoka nje arudi kuiitikia.