Kasi bila kosa lake haitoshi

Juzi nimekutana tena na habari ya rada kunasa kimondo kilichotoka nje ya Mfumo wa Jua. Niliisoma hadi mwisho nikitafuta namba moja tu: kosa la kipimo cha kasi, yaani kipimo hicho kinaweza kupotoka kwa kiasi gani. Halikuandikwa popote. Niliudhika, na bado nimeudhika.

Hebu shika kikokotoo. Kwa umbali huu wetu na jua, kilomita 42.1 kwa sekunde ndiyo kasi ya kulitoroka. Kimondo chenye kasi ya 41 ni cha hapa hapa: wastani wa umbali wake na jua ni kama wa Zohali. Chenye 42, obiti yake imerefuka karibu mara tisa ya hiyo. Chenye 43 hakirudi tena, kwa hiyo kinahesabiwa mgeni kutoka nje. Kilomita mbili tu zinatenganisha mwenyeji na mgeni!

Na kasi yenyewe inapatikana kwa tabu. Chembe isiyofika punje ya mchanga inaungua kilomita 90 hivi juu yetu, inaacha mstari wa gesi yenye chaji, wimbi la redio linaugonga na kurudi. Kwenye grafu mwangwi unapanda ghafla, kisha unafifia huku ukitetemeka. Mitetemo hiyo ndiyo inayopimwa, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Hapo hewa imeshaipunguza kasi chembe, kwa hiyo unakadiria ilikuja na kasi gani. Halafu unaondoa mwendo wa dunia yenyewe, kilomita 30 kwa sekunde, na ukikosea mwelekeo kidogo tu, hesabu yote inaharibika.

Ubishi huu, kama kuna vimondo vinavyotoka nje, ni wa zamani. Kule Jodrell Bank, kituo cha unajimu wa redio Uingereza, wanasayansi Almond, Davies na Lovell walipima vimondo kwa rada miaka ya 1948 hadi 1951 ili kuumaliza, na wageni hawakuonekana.

Sawa, wageni wapo. 'Oumuamua, gimba lililotoka nje ya Mfumo wa Jua, ilipita 2017. Lakini ile ilifuatiliwa kwa darubini kwa wiki kadhaa.

Kinachoniuma zaidi ni vimondo vyetu wenyewe kusahauliwa. Kila Juni, mchana kweupe, Arietidi, kundi la vimondo, wanamiminika bila jicho kuwaona, kwenye obiti ndefu nyembamba inayoingia ndani kabisa ya ile ya sayari ya Zebaki. Rada iliwagundua 1947. Sijawahi kuona wakipewa kichwa cha habari.